Mita ya Arobaini na Saba

Mita nne za mwanzo ni mchanga mwekundu,
kisha mfinyanzi, kisha changarawe iliyooza,
na kwenye mita ya kumi na moja mashine ikabadili sauti.
Mihayo hakuniangalia. Alisema tu: "Andika."
Nikaandika: graniti, ngumu, waridi na kijivu.

Kazi yangu ni daftari.
Kila mita natwaa kiganja cha vipande,
nasuuza kwenye bakuli, napanga juu ya turubai
mafungu madogo madogo, kama muuza dagaa,
na watu wa Mabama wanapita wakiyakagua
kwa nyuso za wanaosoma matokeo ya mtihani ukutani.

Mita ya ishirini: ileile.
Ya thelathini: ileile.

Fedha ya mita hizi ilitoka kwenye mizinga.
Nyamizi Kasubi, mtunza hazina wa kikundi,
aliihesabu mbele yangu, noti zikinata asali.
Sasa amesimama karibu na kelele, ameziba sikio moja.
"Hili jiwe," akauliza, "limetoka wapi?"

Ningemjibu kwa neno moja: chini.
Lakini mashine ilikuwa imezimwa, inanyweshwa dizeli,
na ukimya ule ulidai zaidi.

Nikamwambia: kabla ya mfupa, kabla ya jani,
miaka bilioni mbili na nusu na ushei,
palikuwa na bahari isiyo na jina,
maana hapakuwa na wa kuiita.
Sakafu yake ilizeeka, ikapoa, ikawa nzito,
ikakutana na bamba jingine la dunia, ikainama,
ikazama chini yake
kama mkeka unaovutwa chini ya mlango.
Ilizama na maji yake, yamefungwa ndani ya madini
kama unyevu ndani ya jani la tumbaku
ulilodhani limekauka.
Huko chini joto likayakamua.
Na mwamba wa moto, ambao peke yake ungekaza shingo,
ulipoguswa na maji yale ukalegea, ukawa uji,
ukapanda, ukayeyusha na gamba lililokuwa juu yake.
Kama palikuwa na volkeno hapa, mvua imekwisha kuila.
Huu wetu ulikwama njiani,
kilomita nyingi gizani, ukapoa bila haraka —

"Kama asali," akasema.
"Ukiiacha itulie, huganda punje kubwa."

Miaka mitatu chuoni hakuna aliyenipa mfano ule.
Nikamwekea kipande kiganjani:
felspa ya waridi, ulanga mweusi,
na punje ile isiyo rangi, inayong'aa kama jasho.
Akakigeuza. Akakinusa.
"Kwa hiyo maji ndiyo yaliyolileta."
"Maji."
"Basi lina deni."

Sikumwambia yaliyobaki: kwamba graniti hainyonyi maji,
mwili wake umefumba kama ngumi,
kwamba tunachotafuta si jiwe, ni jeraha:
siku, baada ya siku zisizohesabika,
mabamba yaliposukumana tena kule upande wa Ubende,
na huku bara, kwenye mwamba mkongwe usiotaka kusogea,
kitu kikaalika.
Kama kilialika hapa. Kama si mita kumi kutoka hapa.

Arobaini na tano. Vumbi.
Arobaini na sita. Vumbi, na Mihayo ananitazama sasa.
Arobaini na saba nyundo ikadondoka upana wa kiganja
kwenye kitu kisichokuwa kitu,
vumbi likawa tope, tope likawa maji
meupe kama ya kuoshea mchele.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto mmoja alivua viatu.

Lita mia nane kwa saa. Si za ng'ombe.
Zinatosha zahanati, na foleni ya ndoo yenye subira.
Nikaandika: ufa, maji, yatasafika.
Safu ya "Maelezo mengineyo" nikaiacha wazi,
nikaitazama muda mrefu.

Nyamizi alikuwa amechuchumaa kwenye turubai,
anazoa mafungu yangu kwenye khanga, mita baada ya mita.
Ghala la tumbaku lina tundu la panya, akasema,
na unga huu, ukichanganywa na udongo wa kichuguu,
huenda ukaliziba.